Namna ya Kupima Mshipa Bila Kuutazama

Mashine za altrasaundi za siku hizi zina kitufe ambacho mpimaji akikibonyeza, mistari miwili ya rangi hujichora yenyewe juu ya picha ya karotidi, ateri ya shingoni, na pembeni mwa skrini hutokea namba: 0.68 mm. Kazi imekwisha kabla jeli haijakauka. Namba hiyo ni unene wa tabaka mbili za ndani za ukuta wa mshipa. Ukuta huo hunenepa kadiri umri unavyosonga, na hunenepa haraka zaidi kwa mwenye presha, mwenye sukari, mwenye mafuta mengi kwenye damu na mvuta sigara.

Kitufe hicho ni kizuri, na mwongozo huu haukuandikwa kukipinga. Umeandikwa kwa ajili ya yule anayetaka kukibonyeza na kuondoka zake, anayetaka namba lakini hana haja na mshipa. Njia ya kufika huko ipo, ni rahisi, na ina hatua nane. Kila hatua inafanya kazi sawasawa na inavyoelezwa hapa. Anayezifuata atadanganyika kwa uhakika. Anayezijua atajua pia mahali pa kusema hapana.

Kabla ya kuanza: mashine inaona nini?

Mashine haioni mshipa. Kupitia probu inayowekwa juu ya ngozi, inatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, inasubiri mwangwi, kisha inapima muda. Inachukulia kwamba sauti husafiri mwilini kwa mita 1,540 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo muda unageuka kuwa kina. Mwangwi mkali unakuwa nukta nyeupe, hafifu unakuwa nukta nyeusi. Kwa programu ya kupimia, picha nzima ni jedwali la namba, kwa kawaida kuanzia 0 ya weusi kabisa hadi 255 ya weupe kabisa, na juu yake zimetapakaa zile chengachenga ambazo hakuna picha ya altrasaundi isiyo nazo.

Mwaka 1986 Paolo Pignoli na wenzake wa Milan, Italia, walionyesha kwamba ukuta wa mbali wa ateri, ule usio upande wa probu, huonekana kama mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, katikati yake pakiwa peusi, na kwamba umbali kati ya mistari hiyo unalingana na unene wa intima na midia, zile tabaka mbili za ndani, zinapopimwa kwenye vipande halisi vya mishipa. Baada ya hapo wapimaji wakaanza kubofya nukta kwa mkono, moja baada ya nyingine. Wawili wakipewa picha moja, walileta namba mbili.

Ndipo programu zikaingia. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Göteborg, Uswidi, walitengeneza mfumo unaokagua kila safu ya nukta, unatafuta mahali weusi unapogeuka ghafla kuwa weupe, kisha unachagua mstari mmoja unaopita sehemu hizo zote bila kurukaruka. Mwaka 2015 Olaf Ronneberger na wenzake wa Freiburg, Ujerumani, wakatoa U-Net, mtandao wa neva unaojifunza kwa kuonyeshwa picha ambazo wataalamu wamekwisha kuzichora. Mitandao ya aina hiyo ndiyo inayochora mistari katika baadhi ya programu za leo.

Faida ya programu hizo ni kubwa. Chukua picha yenye kina cha sentimita 4 iliyogawanywa katika nukta 600 kwenda chini: kila nukta ni karibu milimita 0.067. Sentimita moja ya ukuta ina safu kama 150 za nukta, na programu huzipima zote kufumba na kufumbua, leo na kesho kwa namna ileile. Hakuna binadamu mwenye subira hiyo saa nane mchana huku foleni ikiwa bado ndefu nje ya mlango.

Lakini ukuta huu huongezeka kwa wastani wa karibu milimita 0.01 tu kwa mwaka. Mstari ukikosea kwa nukta moja, mtu amezeeshwa miaka sita au saba ambayo hajaiishi, au amerudishiwa ujana ambao hana. Hapo ndipo mwongozo unapoanzia.

Hatua ya 1: Pima popote panapong'aa

Anayetaka namba isiyolinganishika na nyingine yoyote apime popote ukuta unapoonekana vizuri. Mwaka huu apime karotidi ya chini, iliyonyooka. Mwakani apime pale juu inapopanuka kabla ya kugawanyika, mahali ambapo ukuta ni mnene zaidi na ndipo mafuta yanapopenda kujijenga. Ataandika kwamba ugonjwa umekua, kumbe kilichohama ni probu.

Mahali palipokubaliwa na wataalamu ni ukuta wa mbali wa karotidi ya chini, katika sentimita ya mwisho kabla haijaanza kupanuka. Programu haijui kama hapo ndipo ulipoielekeza. Ikipewa vena, au utando uliokaa kati ya misuli miwili ya shingo, na utando huo ukang'aa kwa mistari miwili, itaipima mistari hiyo na kutoa namba nadhifu kabisa.

Hatua ya 2: Laza probu upande

Ukikata ndizi kwa mshazari, kipande hutoka kirefu kuliko unene wa ndizi yenyewe. Mshipa nao ni hivyohivyo. Anayetaka kumgeuza mzima kuwa mgonjwa achukue aota ya tumboni yenye kipenyo cha sentimita 2.7, ainamishe probu kwa digrii 30, kisha aiache programu izungushie duara lake. Itasoma karibu sentimita 3.1. Sentimita 3 ndiyo mpaka ambao kuanzia hapo aota huhesabiwa kuwa imetanuka. Mzee wa watu ataenda nyumbani na jina la ugonjwa aliopewa na kiganja cha mpimaji.

Anayetaka kinyume chake, atelezeshe probu pembeni kidogo anapopiga picha ya mshipa kwa urefu. Karotidi yenye kipenyo cha milimita 6, ikikatwa milimita 2 nje ya katikati yake, itaonekana kuwa na milimita 4.5 tu. Ukuta nao, kwa kuwa umekatwa kwa mshazari, utaonekana mnene kuliko ulivyo.

Dalili ya picha iliyokatwa katikati ya mshipa inajulikana: ile mistari miwili huonekana wazi kwenye ukuta wa mbali na, ikiwezekana, kwenye ukuta wa karibu pia, huku mshipa ukiwa umelala mlalo na mawimbi yakiupiga wima. Isipoonekana hivyo, kazi iliyobaki ni ya mkono wa mpimaji. Kitufe kisubiri.

Hatua ya 3: Ongeza geini mpaka chumba kiwake

Hii ndiyo njia ya kuunenepesha ukuta wa mshipa bila mgonjwa kula hata kiazi kimoja cha kukaanga. Kitufe cha geini kinakuza mwangwi wote, na mwangwi ukikuzwa, mstari mweupe hunenepa. Ila haunenepi sawa pande zote. Ukingo wa mbele, unaokutana na sauti kwanza, hubaki karibu palepale. Ukingo wa nyuma ndio unaotambaa kwenda chini.

Kwa sababu hiyo wataalamu waliuchagua ukuta wa mbali. Katika ukuta huo umbali unaotafutwa hupimwa kutoka ukingo wa mbele wa mstari wa kwanza hadi ukingo wa mbele wa mstari wa pili, na kingo hizo mbili haziyumbishwi sana na geini. Ukuta wa karibu hauna bahati hiyo. Anayeipa programu picha iliyowaka kama mchana, kisha akaiomba ipime ukuta wa karibu, amepima kidole chake kilichokuwa juu ya kitufe.

Mkoa au hospitali inayotaka namba zinazofanana inapaswa kuandika mipangilio ya mashine, kuibandika ukutani na kuifuata: masafa ya probu, kina cha picha na geini.

Hatua ya 4: Gandisha picha wakati wowote

Mshipa unapiga. Moyo unaposukuma damu, karotidi hutanuka kwa karibu nusu milimita, na ukuta wake, kwa kuvutwa, hupungua unene. Moyo unapolegea, kila kitu hurudi. Anayegandisha picha kwa kubahatisha atapata mshipa mwembamba leo na mnene kesho kwa mtu yuleyule, kitanda kilekile.

Kosa hili ni zito zaidi katika kipimo kilichoelezwa mwaka 1992 na David Celermajer na wenzake wa London. Katika kipimo hicho mkanda wa presha hubana mkono kwa dakika kama tano, kisha huachiwa, na altrasaundi huangalia ateri ya mkono inatanuka kiasi gani damu inaporudi kwa kasi. Utanukaji huo huonyesha afya ya utando wa ndani wa mshipa. Ateri ya milimita 4 ikitanuka kwa asilimia 5, hiyo ni milimita 0.2, na ndani ya milimita hizo ndimo habari yote ilimo. Anayelinganisha picha ya moyo uliolegea na picha ya moyo uliosukuma anaweza kumwandikia mtu afya ambayo mshipa wake hauna.

Dawa yake ni waya wa ECG. Umeme wa moyo ukionekana chini ya picha, mpimaji na programu wote wanajua wako sehemu gani ya pigo, na picha huchukuliwa mwishoni mwa kulegea kwa moyo. Penye programu inayofuatilia kingo za mshipa video nzima, pigo baada ya pigo, itumiwe, kwa maana hapo automatiki inaushinda mkono wa binadamu bila ubishi.

Hatua ya 5: Piga picha ya skrini kwa simu, itume kwa WhatsApp

Hatua hii ina wapenzi wengi kwetu. Picha ya simu inayotumwa kwa daktari bingwa aliye mbali imesaidia wengi, na iendelee kutumwa kwa ajili ya ushauri. Isitumwe kwa ajili ya kupimwa.

Sababu ni moja. Programu inahesabu nukta, haihesabu milimita. Ili nukta ziwe milimita, lazima ijue nukta moja ni sawa na kiasi gani, na habari hiyo husafiri ndani ya faili la DICOM ambalo mashine huhifadhi. Simu ikiipiga skrini, habari hiyo inabaki mashineni. WhatsApp ikiibana picha, nukta zenyewe zinabadilika, na kingo laini za ukuta zinageuka vijimraba.

Anayetaka kumkosa mgonjwa halisi afanye hivi: apige picha kwa kina cha sentimita 6, kisha aiambie programu kwamba kina kilikuwa 4. Ukuta wa milimita 0.9 utasomeka 0.6, na mtu aliyestahili kuulizwa habari za presha na sigara ataambiwa mishipa yake ni ya kijana. Hakuna taa itakayowaka. Namba itatoka safi kama nyingine zote.

Hatua ya 6: Usiulize mpaka uko wapi

Kipenyo ni umbali kutoka wapi hadi wapi? Kutoka ukuta wa ndani hadi wa ndani, au kutoka wa nje hadi wa nje? Kwa aota iliyotanuka, majibu haya hutofautiana kwa milimita kadhaa, na milimita hizo zinaamua nani apasuliwe.

Uingereza walilazimika kulijibu swali hili kwa vitendo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanaume 67,800 wenye umri wa miaka 65 hadi 74, ulionyesha kwamba walioalikwa kupimwa aota kwa altrasaundi walikufa kwa ugonjwa huo kwa asilimia 42 pungufu kuliko wasioalikwa. Leo wanaume wa huko hualikwa wanapofikia miaka 65. Mwenye sentimita 3.0 hadi 4.4 hurudi kila mwaka, mwenye 4.5 hadi 5.4 kila miezi mitatu, na mwenye 5.5 au zaidi hupelekwa kwa daktari mpasuaji. Ngazi hizo zina maana kwa sababu wapimaji wote wamefundishwa kupima kutoka ndani hadi ndani. Programu inayopima kutoka nje hadi nje, ikiingizwa katika mpango kama huo kimyakimya, itawapeleka kwa mpasuaji watu ambao zamu yao haijafika.

Kosa la kipenyo huzaa jingine. Kiasi cha damu kinachopita hukokotolewa kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Mshipa wa milimita 5 ukisomwa 5.5, damu inaongezeka kwa asilimia 21 kwenye karatasi, na moyo haujasukuma hata tone la ziada.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa programu ni hili: mistari yenu inakaa wapi? Jibu liandikwe kwenye kila ripoti.

Hatua ya 7: Amini kwamba mishipa yote ni mmoja

Mtandao wa neva unajua ulichoonyeshwa. Mkusanyo wa CUBS, uliotolewa wazi ili programu za kupima karotidi zilinganishwe, una picha 2,176 za watu 1,088, na picha hizo zilipigwa Kupro na Italia. Ni kazi nzuri na ya ukarimu. Haitoshi kumhakikishia mpimaji wa Mwanza au Kisumu kwamba programu itafanya vivyo hivyo kwa mashine yake ya miaka kumi, probu iliyochakaa na mgonjwa ambaye shingo yake ni fupi na nene.

Uwezo wa kupima mishipa ya Waafrika kwa wingi upo. Utafiti wa AWI-Gen ulipima ukuta wa karotidi kwa maelfu ya watu, wengi wao wa miaka 40 hadi 60, katika vituo sita vya Afrika Kusini, Ghana, Burkina Faso na Kenya. Waliopimwa Kenya walikuwa wakazi wa Korogocho na Viwandani, Nairobi. Watu wa mitaa hiyo walilala kitandani, wakageuza shingo, wakavumilia jeli ya baridi. Wanastahili programu zilizojaribiwa kwa picha za watu kama wao.

Na kuna tabia moja ya mitandao hii ambayo kila mnunuzi aijue: haisemi “sijui” mpaka mtu aifundishe kusema hivyo. Ikipewa picha mbovu hujibu, ikipewa picha ya msuli hujibu. Anayetaka kudanganyika asiijaribu kwanza. Asiyetaka, achukue picha kadhaa za wagonjwa wa kituo chake, azipime kwa mkono na wenzake wawili, kisha azilinganishe na za programu kabla haijaandika ripoti hata moja.

Hatua ya 8: Soma namba, ruka mstari

Hii ndiyo hatua kuu. Anayeitimiza hahitaji zile saba.

Tuseme ukuta ni milimita 0.7. Katika robo tatu za sentimita hiyo programu imeshika mahali pake. Katika robo moja mstari umeteleza, umekamata mng'ao wa chini, na hapo umesoma 1.1. Wastani utatoka 0.8. Hakuna atakayeshtuka, kwa sababu 0.8 ni namba ya kawaida kabisa kwa mtu mzima. Imemzeesha mgonjwa kwa miaka kumi. Mtu yeyote aliyeutazama mstari kwa nusu dakika angeona ulivyochepuka, angeurudisha kwa mkono au angepiga picha nyingine.

Programu ikikosea namna hii, hukosea kwa uaminifu. Ipe picha ileile mara ishirini, itateleza mahali palepale mara ishirini na kuleta 0.8 ileile. Ndiyo maana sifa ya “hairudii tofauti” inayoandikwa kwenye vipeperushi vya wauzaji isichukuliwe kuwa ukweli. Kurudia kosa kwa usahihi ni kosa. Wala tarakimu nyingi baada ya nukta zisimtishe mtu: kwa masafa ya megahezi 10, urefu wa wimbi lenyewe la sauti mwilini ni karibu milimita 0.15. Ripoti inayosema 0.6834 imejipamba.

Na wastani una madhara mengine: huficha utando wa mafuta. Makubaliano ya wataalamu yaliyopewa jina la mji wa Mannheim, Ujerumani, yanaueleza wazi. Mahali ukuta unapojitokeza ndani ya mshipa kwa angalau milimita 0.5, au kwa asilimia 50 ya unene wa jirani zake, au unapozidi milimita 1.5, hapo pana utando wa mafuta, na hiyo ni habari kubwa kuliko wastani wowote. Anayeona namba tu hataliona donge hilo.

Namba ikishapatikana kihalali

Hata namba iliyopimwa kwa haki ina kiasi chake. Mwaka 2012 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 zenye watu 45,828, ukaonyesha kwamba kuongeza unene wa karotidi juu ya maswali ya kawaida ya umri, presha, mafuta na sigara husaidia kidogo sana kubashiri nani atapata kiharusi au mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani haukupendekeza kipimo hiki kwa kila mtu. Kina nafasi yake katika utafiti wa makundi ya watu, na kumwona mgonjwa mwenye utando wa mafuta bado kuna faida. Lakini hospitali yenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na isiyo na mashine nzima ya kupimia presha, inunue kwanza mashine ya presha.

Kwa wapimaji: mkono wenu haujapitwa na wakati. Kitufe kinachora mstari, na ninyi ndio mnaotafuta mahali, mnaonyoosha probu, mnaosubiri moyo ulegee, na mnaokataa picha mbovu. Kwa wakuu wa hospitali: wapeni muda wa kufanya hivyo, na msinunue programu isiyoonyesha mistari yake au isiyoruhusu mtaalamu kuirekebisha. Kwa walimu wa vyuo vya afya: mwanafunzi apime mshipa kwa mkono kwanza, ili ajue anachokiangalia siku mashine itakapompimia.

Na kwako wewe utakayelala kitandani shingo ikiwa imegeuzwa: omba kuonyeshwa picha yenye mistari. Uliza kama mistari yote miwili imelala juu ya ukuta wa mshipa wako. Mpimaji anayeijua kazi yake atafurahi kukuonyesha, na asiyeweza kukuonyesha hana namba ya kukupa.